"Mwalimu, Mama Naye Atakufa?"
Mwongozo wa kulishika darasa wakati wa ugonjwa wa mlipuko

Juni 29, 2020, shule zetu zilifunguliwa. Zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Tanzania. Tulijiona tumejiandaa. Ndoo za maji tiririka zilipangwa mlangoni, sabuni imetobolewa na kufungwa kamba isiibwe, madawati yametenganishwa kadiri chumba kilivyoruhusu. Kipindi cha kwanza nilikuwa na darasa la nne, Hisabati. Mtoto wa kike wa dawati la tatu akanyoosha mkono, nikadhani anaomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Mwalimu, mama naye atakufa?"

Darasa likanyamaza, hata wale wa nyuma ambao hawanyamazi mpaka mwalimu mkuu apite dirishani. Nikamjibu, "Usiogope, hakuna kitakachotokea. Haya, fungueni ukurasa wa arobaini." Akaketi. Muhula ule mzima hakuniuliza tena swali lolote, la Hisabati wala la kitu kingine.

Nilimkataza hofu aliyokuwa nayo tayari, kisha nikamwahidi jambo lisilo mikononi mwangu. Mtoto wa miaka kumi anajua kwamba mwalimu hana mamlaka juu ya kifo. Alichojifunza asubuhi ile ni kwamba kwa mwalimu huyu, maswali ya namna hiyo hayaulizwi.

Yanayofuata nimeyaandika kwa mwalimu mwenye wanafunzi sitini au themanini katika chumba kimoja, katika shule isiyo na mwanasaikolojia, ambaye naye ana watu wake nyumbani wa kuwahofia. Hatua hazina uzito sawa. Ya sita ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo tunayoikimbia.

Hatua ya 1: Anzeni ofisini kwa walimu

Watoto huusoma uso wa mwalimu kabla ya kusoma ubao. Kabla hawajarudi, walimu wakae nusu saa na kila mmoja aseme kinachomsumbua. Wapo waliofiwa, wapo wenye wagonjwa nyumbani, na wapo wasiotaka kusikia habari yenyewe. Mwalimu anayejua hatamudu wiki ya kwanza apewe vipindi vichache. Hilo si aibu.

Kisha mkubaliane mambo matatu: maneno mtakayotumia kuueleza ugonjwa, ili darasa la tano lisiambiwe hivi na la sita likaambiwa vile, mwalimu gani atampokea mtoto aliyezidiwa, na mazungumzo gani hayatafanyika mbele ya watoto. Hili la tatu msilidharau. Mtoto anayetumwa ofisini kuleta chaki husikia yote, na akirudi darasani huwa ndiye redio.

Hatua ya 2: Rudisha ratiba kabla ya hotuba

Mwenye hofu hutaka kujua kinachofuata. Kengele ilie saa ileile, mstari upangwe palepale, uji unyweke wakati uleule. Andika ratiba ya siku kwenye kona ya ubao na ufute kila kipindi kinapokwisha. Utaona watoto wakiitazama kona ile mara nyingi kuliko unavyotarajia. Penye mabadiliko, toa sababu kwa sentensi moja: "Leo hatushikani mikono kwa sababu ugonjwa huu hupita mikononi." Ukiweza, geuza badiliko liwe mchezo. Ile salamu ya kugongana miguu, ambayo Rais Magufuli na mwanasiasa wa upinzani Maalim Seif walipigwa picha wakisalimiana Ikulu mwezi Machi 2020, ilienea viwanjani kwa sababu ilichekesha, na kicheko kilikuwa dawa kwa wakati ule.

Usafi nao hutuliza, maana huipa mikono kazi. Ila usiugeuze kitisho. Nimewahi kumsikia mwalimu akiwaambia watoto, "Usiponawa utamuua bibi yako." Sasa mfikirie mtoto ambaye bibi yake amezikwa wiki iliyopita, naye anakumbuka siku moja hakunawa.

Hatua ya 3: Uliza kwanza wamesikia nini

Watoto hawaji wakiwa watupu. Wanakuja na habari za mtaani, za kwenye daladala, za simu ya kaka. Chora safu tatu ubaoni: Kweli, Si kweli, Bado haijajulikana. Kisha uliza tu, "Mmesikia nini?" Usicheke wala usikemee, hata wakikuambia kwamba ugonjwa ni wa Wazungu na Mwafrika haumpati, au kwamba kupiga nyungu, yaani kujifukiza, mara tatu kunaumaliza. Liandike kila jambo, halafu mlijadili liende safu gani.

Safu ya tatu ndiyo itakayokupa heshima. Wanafunzi wakikuona unaandika jambo chini ya "Bado haijajulikana", watayaamini yale uliyoyaweka chini ya "Kweli". Mwalimu anayejua kila kitu kuhusu ugonjwa ambao hata madaktari bado wanauchunguza hushtukiwa mapema, hasa na watoto wa sekondari.

Yapo maswali yasiyoulizwa mbele za watu. Kwa hayo, chukua boksi la biskuti, litoboe juu, liweke karibu na ndoo ya kunawia badala ya mezani kwako. Kila Ijumaa kila mwanafunzi atumbukize karatasi iliyokunjwa, awe na swali au asiwe nalo. Asiye na swali achore samaki. Wote wakitumbukiza, hajulikani nani ameuliza. Katika karatasi sabini utapata samaki hamsini na kitu, na katika zilizobaki utakuta mambo ambayo yangekupita. Moja ya kwangu ilikuwa na maneno mawili tu: "Baba anapiga." Mlipuko hufungia watu nyumbani, na si kila nyumba ni salama.

Hatua ya 4: Sema kweli, kwa kipimo cha umri

Kwanza ujue ugonjwa wenyewe, maana maneno ya faraja hayafanani. Kwa Korona tuliweza kusema bila kudanganya kwamba wengi wanaoipata hupona. Kwa Marburg, iliyotangazwa Kagera Machi 21, 2023, usingeweza kusema hivyo, kwani huua sehemu kubwa ya wanaoambukizwa. Ila ungeweza kusema jambo lingine la kweli: kwamba hauruki hewani kama mafua, bali hupatikana kwa kugusa damu, matapishi au majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, kwa hiyo asiyegusana na mgonjwa wala vitu vyake yuko mbali na hatari. Faraja ya Korona ukiipeleka kwenye Marburg inakuwa uongo, na mtoto ataubaini siku ya mazishi.

Darasa la kwanza na la pili, sentensi tatu zinatosha: kuna ugonjwa, watu wazima wanafanya kazi ya kuuzuia, na kazi yenu ninyi ni kunawa na kutuambia mkijisikia vibaya. Darasa la nne mpaka la saba wanataka kujua unavyoenea na kwa nini. Sekondari wanataka kujua kama wanadanganywa. Hapa nchini takwimu za Korona zilisimama kutolewa Mei 2020 zikiwa kwenye wagonjwa 509, na mwanzoni mwa 2021 matangazo ya vifo yakaanza kujaa maneno "changamoto ya upumuaji". Vijana walisoma wakaelewa. Mwalimu aliyefunika kombe alipoteza masikio yao. Hukuhitaji kuingia katika siasa. Ilitosha kusema, "Nami nimeona matangazo hayo. Tuendelee kuvaa barakoa."

Yule binti wa dawati la tatu leo ningemjibu hivi: "Naona una wasiwasi na mama. Je, anaumwa sasa hivi?" Ningesubiri jibu, maana pengine anaumwa kweli. Kisha: "Siwezi kukuahidi kwamba hataugua. Ninachojua ni kwamba wengi wanaougua hupona, na ninajua nyumbani mnaweza kufanya nini ili asiugue. Saa nne wakati wa uji njoo tuzungumze." Na saa nne ningekuwa pale. Ahadi ndogo iliyotimizwa humtuliza mtoto kuliko kubwa isiyo na mwenyewe.

Hatua ya 5: Ipe hofu mahali pa kutokea

Hofu ya mtoto haisemi "ninaogopa". Husema tumbo linauma, kichwa kinauma, sijui kusoma. Hupiga wenzake. Hukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, au husinzia kipindi cha kwanza kwa sababu usiku hakulala. Ukiona mtoto mpole amekuwa mgomvi, au msemaji amekuwa bubu, usianze na adhabu.

Darasa zima likihamanika, labda gari la wagonjwa limepita likipiga king'ora, tumieni pumzi. Walimu wengi hushindwa hapa kwa sababu huwaambia watoto "vuteni pumzi ndefu", nao huinua mabega na kukodoa macho. Waambie washike kikombe cha uji wa moto ambacho hakipo. Wainuse harufu yake polepole kwa pua, kisha waupulize upoe, polepole zaidi, bila kuumwaga. Mara tano. Mtoto yeyote aliyewahi kuungua ulimi kwa uji anajua kupuliza vizuri, na huko kupuliza taratibu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo.

Kuchora kuwepo, na nyimbo, na ngonjera, na michezo ya kukimbia. Rede na kombolela visifutwe bila sababu ya kiafya. Mwili ulioganda kwa hofu unahitaji kukimbia. Maigizo yanafaa pia, lakini mtoto aliyefiwa usimpe nafasi ya mgonjwa wala ya maiti. Na asiyetaka kuzungumza aachwe. Kumsimamisha mtoto mbele ya darasa aeleze anavyojisikia ni kumvua nguo hadharani.

Hatua ya 6: Msiba ukiingia darasani

Magonjwa haya huvunja msiba kabla hayajavunja kitu kingine. Maiti haioshwi na ndugu, kaburi linafukiwa na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, waombolezaji ni wachache, watu hawalali matangani. Mtu mzima hupata shida kuamini kilichotokea. Mtoto aliyeachwa kwa jirani siku hiyo anaweza kukaa miezi akidhani baba yuko hospitali ya rufaa.

Lugha yetu ina adabu kubwa katika kifo. Tunasema ametutoka, ametangulia mbele ya haki, amelala, amepumzika. Kati yetu watu wazima inafaa. Mtoto wa miaka sita akiambiwa baba ametutoka, atauliza atarudi lini. Akiambiwa amelala, ataogopa kulala. Tumia neno lenyewe: amekufa. Ongeza maana yake: mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi tena, na hatarudi. Atakuuliza tena kesho, na keshokutwa. Mjibu vilevile. Usimwambie Mungu alimpenda zaidi, maana naye ataanza kuogopa kupendwa.

Wadogo wengi huamini kwamba wao ndio chanzo. Alimkasirikia mama asubuhi, jioni mama akapelekwa hospitali. Katika hesabu yake mambo hayo mawili yana uhusiano. Hatakuambia. Kwa hiyo sema wewe, hata kama hajauliza: "Si kosa lako. Hukufanya wala hukusema jambo lolote lililoleta ugonjwa."

Kabla mfiwa hajarudi, zungumza na wenzake asipokuwepo, ukiwa umeiomba familia ruhusa. Waeleze kilichotokea, kisha wafundishe la kusema. "Pole" inatosha. Maswali ya "aliumwa nini?" na "nani atakulipia ada?" yasiulizwe. Kama masharti ya afya yanaruhusu, mwalimu na wanafunzi wawili waende kutoa rambirambi. Kama hayaruhusu, darasa liandike barua na kuchora picha, mwenyekiti wa mtaa azifikishe. Siku ya kurudi, mpokee mlangoni, umwonyeshe mahali anapoweza kwenda akizidiwa bila kuomba ruhusa: chini ya mwembe, maktaba, kwa mwalimu wa malezi. Huenda dakika tano baadaye akacheka na wenzake. Mwache acheke. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka kama mvua za vuli, na kicheko hakina maana kwamba amesahau.

Na akifa mwanafunzi? Asubuhi ya kwanza utafungua daftari la mahudhurio na jina litakuwepo. Lisome peke yako kabla hujaingia, ili sauti isikukatikie mbele yao. Ukilifikia, litaje, nyamaza kidogo, endelea na linalofuata. Dawati usiliondoe siku hiyo. Liache wiki, kisha uliulize darasa lifanyweje. Darasa mojawapo katika shule yetu liliamua dawati lisogezwe dirishani na kiti kiwe cha mgeni yeyote anayeingia. Sikuwashauri mimi.

Maombi yawepo kwa kadiri ya imani za watoto, ukikumbuka kwamba darasani mwako kuna zaidi ya moja. Mahubiri ya kwamba ugonjwa ni adhabu ya dhambi za waliokufa yaachwe nje ya geti. Mbele yako wamekaa watoto wao.

Hatua ya 7: Kata unyanyapaa siku ileile

Mtoto aliyekaa karantini siku 21, kama ilivyo kwa waliokutana na mgonjwa wa Marburg au Ebola, atarudi na kukuta wenzake wamebana upande wa pili wa dawati. Hotuba juu ya upendo haisaidii sana. Siku ya kwanza mbele ya wote pokea daftari lake mkononi, lisahihishe, mrudishie. Halafu mtume yeye kuleta chaki. Wenzake wataelewa. Atakayeimba jina la utani la ugonjwa aitwe kando palepale, si kesho.

Hatua ya 8: Hesabu wasiorudi

Kenya iliporudisha shule kwa awamu, gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakianza Oktoba 12, 2020 na wengine Januari 4, 2021, wapo ambao hawakuonekana. Uganda, ambako shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 10, 2022, walimu walikuta wanafunzi wao wameolewa, au wako machimboni, au wanaendesha bodaboda na hawaoni sababu ya kuacha. Anayerudi baada ya hayo huja na aibu. Usimpe mtihani wiki ya kwanza. Mpe kazi anayoweza kuimaliza, uisahihishe mbele yake, aone vema. Kwa wasichana waliojifungua, Tanzania iliwaruhusu kurudi katika mfumo rasmi kuanzia Novemba 2021. Kuna wazazi ambao mpaka leo hawajui, na mwalimu ndiye wa kuwaambia.

Hatua ya 9: Jua kazi yako inapoishia

Wewe si daktari wa akili. Kazi yako ni kuona, kusikiliza na kuunganisha. Mtoto ambaye kwa wiki kadhaa hali vizuri, halali, hachezi, au anaanguka kimasomo bila kuinuka, mpeleke kwa mwalimu wa malezi na unasihi, na mzazi aitwe kwa heshima, si kwa barua ya vitisho. Anayesema anataka kufa, anayejidhuru, au anayepigwa au kuguswa vibaya nyumbani hasubiri kesho. Siku hiyohiyo afike kituo cha afya, ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo, na inafanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Iandike nyuma ya mlango wa choo cha wanafunzi, mahali ambapo mtu huisoma akiwa peke yake. Usimwahidi mtoto kwamba utaificha siri ya namna hiyo. Mwambie utamweleza nani, na kwa nini.

Lile boksi la biskuti usilitupe ugonjwa ukitangazwa kwisha. Marburg ya Kagera ilitangazwa kwisha Juni 2, 2023. Januari 2025 ikatangazwa tena Biharamulo, mkoa uleule.